Kumpeleka kijana kuviona vyuo: kupanga ziara kutoka Unguja na Pemba

Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai. Dirisha la kwanza la maombi ya vyuo vikuu hufunguliwa wakati huo huo, na baada ya wiki chache linafungwa. Ndani ya wiki hizo kijana anahangaika na vyeti, mzee anahangaika na fedha, mtandao unazidiwa, na kila jamaa ana chuo chake anachokisifia. Huo si wakati wa kupanda boti kwenda kuangalia kama dakhalia, yaani bweni la chuo, ina maji au haina. Ziara ya vyuo ni kazi ya kabla ya matokeo. Ikifanywa mapema, kijana anapojaza maombi anachagua mahali alipopakanyaga kwa miguu yake.

Anza na mwongozo wa TCU

Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, hutoa mwongozo wa udahili, na unapatikana bure kwenye tovuti yake. Upo wa wenye kidato cha sita na upo wa wenye stashahada, msije mkausoma usiokuhusuni. Kila programu ina mstari wake: masomo yanayotakiwa, idadi ya nafasi, miaka ya kusoma. Kaeni pamoja na kijana, simu moja, daftari moja, mpige hesabu ya pointi kabla ya kupiga hesabu ya nauli.

Alama A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha jumla kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016 ni prinsipo mbili (ufaulu wa somo kuu, A mpaka E) zenye pointi 4 kwa pamoja, katika masomo ambayo programu yenyewe imeyataja. Hayo maneno ya mwisho ndiyo wengi wanayoyaruka. Kijana anaweza kuwa na pointi za kutosha katika masomo ambayo programu haiyahesabu.

Udaktari wa binadamu unataka zaidi: Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, kila moja isipungue D, yaani pointi 6. Mwanafunzi wa PCB aliyepata D, D na E ana pointi 5 na mlango huo umefungwa, hata akienda kuzungumza na mkuu wa chuo. Mwenye C, D na D ana 7, amevuka kizingiti, lakini kuvuka kizingiti si kupata nafasi. Nafasi zikiwa chache, wanaochukuliwa ni wa juu. Kama mtihani bado, tumieni matokeo ya moko, yaani mtihani wa majaribio, na mshushe alama moja katika somo analolalamikia. Ni bora ziara ipangwe kwa alama za ukweli kuliko kwa alama za dua.

Angalieni pia kwamba programu mnayoitaka imo katika mwongozo wa mwaka huo. Jina la chuo kuwa maarufu halitoshi. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na vingine vikazuiwa katika baadhi ya programu tu. Chuo kinaweza kuwa halali huku kozi moja ndani yake ikiwa imesimamishwa. Anayekwenda stashahada au astashahada mwongozo wake uko kwa baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, lakini namna ya kukagua ni ile ile.

Baada ya hesabu hiyo orodha itajipunguza yenyewe. Bakisheni vyuo vinne, vikizidi sana vitano. Kimoja kati yao kiwe cha karibu na nyumbani, hata kama kijana anakunja uso kukisikia. Mara nyingi anayekikataa chuo cha Tunguu hajawahi kushuka garini Tunguu, anakijua kwa kukipita tu akielekea shamba.

Wakati wa kwenda

Vyuo vingi nchini hufungua mwaka kati ya Oktoba na Novemba. Muhula wa pili unakwenda mpaka Julai, kisha ni likizo ndefu. Ziara ya Agosti au Septemba inakuonyesheni majengo bila watu: kantini imefungwa, maabara ina kufuli, na mlinzi ndiye mwenyeji wenu. Majengo matupu yote hufanana.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha sita kuna nafasi mbili nzuri. Ya kwanza ni likizo ya Disemba, kabla ya Krismasi, wakati vyuo bado vinasomesha. Ya pili ni mara tu anapomaliza mtihani wa taifa wa Mei: kichwa chake kimetulia, matokeo bado, na vyuoni masomo yanaendelea. Msichelewe mkaingia kwenye wiki za mitihani ya vyuo, kwani wanafunzi hawatakuwa na muda na wahadhiri hawatapatikana. Kalenda ya mwaka wa masomo huwekwa kwenye tovuti ya kila chuo, na wiki ya mitihani imeandikwa humo. Kijana wa Zanzibar anayesoma skuli ya Bara asisahau kwamba Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, huwaita wahitimu wa kidato cha sita baada ya mtihani, na akiitwa, nafasi hiyo ya pili inafupika sana.

Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hivyo ihesabuni upya kila mara. Katika mwezi huo ofisi za Zanzibar hufunga mapema na kantini hazipiki mchana, na nusu ya mliyokwenda kuyaona hamtayaona. Epukeni pia Januari 12, Aprili 7 na Aprili 26, ambazo ni sikukuu. Katika wiki, chagueni Jumanne, Jumatano au Alkhamisi. Jumatatu meza za udahili zina foleni ya mambo ya mwisho wa wiki, na Ijumaa kazi hukatika kabla ya saa sita kwa sala, na baada ya hapo kumpata mtu ni bahati.

Unguja: vyuo vimekaa kwa mafungu

Uzuri wa Unguja ni kwamba vyuo vimejipanga njia moja moja, kwa hivyo siku mbili na nusu zinatosha kwa karibu vyote.

Siku ya Tunguu ndiyo nzito. Hapo pana kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoundwa kwa sheria ya 1999. Pana Zanzibar University, chuo binafsi kilichoanza 1998, na pana Chuo cha Utawala wa Umma, IPA. Anzeni SUZA saa mbili na nusu asubuhi, mle hapo hapo mchana, kisha mwende Zanzibar University. Kwa IPA, kama hamna haja ya shahada ya utawala, nusu saa inatosha.

Kosa la kawaida ni kudhani SUZA ni Tunguu tu. Chuo hiki kiliunganishwa na vyuo kadhaa vya serikali, na skuli zake zimetawanyika: afya iko Mbweni, utalii Maruhubi, kilimo Kizimbani, ualimu Nkrumah kule Beit el Ras, na upo pia upande wa Vuga na Chwaka. Kabla ya kutoka nyumbani ulizeni programu yake inasomeshwa kampasi gani mwaka wa kwanza, na kama mwaka wa pili wanahamishwa. Kijana aliyekodi chumba Tunguu kisha akaambiwa vipindi viko Mbweni atakuwa anapanda gari mbili kila asubuhi.

Siku ya pili ni ya njia ya uwanja wa ndege na Chukwani. Mbweni kuna skuli ya afya ya SUZA na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, KIST, kwa wanaotaka ufundi na uhandisi. Mbele kidogo, Chukwani, kuna Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, ambacho wengi wanakijua kwa jina lake la zamani la chuo cha elimu Chukwani. Mwenye Hisabati ya nguvu na Kiingereza kizuri aongeze Bweleo, ambako Indian Institute of Technology Madras ilifungua kampasi 2023. Huko kuingia ni kwa mtihani na usaili wa chuo chenyewe, na ada ni ya kiwango kingine kabisa, kwa hivyo anzeni na tovuti yao, ziara ifuate.

Nusu siku iliyobaki ni ya njia ya Bububu, Maruhubi na Beit el Ras, kwa mwenye haja ya utalii au ualimu.

Nendeni kwa gari za abiria, msiazime gari ya ami. Ndiyo njia pekee ya kujua safari ya kila siku itakuwaje. Kijana ashike saa: alitoka nyumbani saa ngapi, alisubiri kituoni dakika ngapi, alifika darasani saa ngapi. Kisha zidisheni nauli ya kwenda na kurudi kwa siku 22 za mwezi. Safari ya dakika arobaini saa nne asubuhi inaweza kuwa saa nzima na zaidi ikiwa ni saa moja asubuhi na gari zote zimejaa, na kipindi cha kwanza huwa asubuhi hiyo hiyo.

Mnaotoka Pemba

Kabla ya kuvuka, nendeni Mchangamdogo. Kampasi ya SUZA ya Benjamin Mkapa iko hapo, na Chuo Kikuu Huria kina kituo chake Pemba. Kijana anaweza bado kutaka kwenda Unguja, na ni haki yake, lakini awe ameona tofauti ya gharama kati ya kulala kwao na kulala nje.

Boti za Mkoani na Unguja hazina safari nyingi kwa siku kama za Dar es Salaam, na ratiba hubadilika. Pangeni kuingia Unguja siku moja kabla ya miadi ya kwanza, na msiweke miadi ya asubuhi siku ile ile mnayoshuka. Juni mpaka Agosti kusi linavuma na bahari inachafuka. Dawa ya kichefuchefu huliwa kabla ya safari, nusu saa hivi, kwani ukishaanza kutapika haisaidii. Kijana aliyeshuka bandarini Malindi, Unguja, akiwa hoi hatouliza swali lolote la maana siku hiyo.

Kama mtalala kwa jamaa, waambieni mapema kwamba siku za ziara mtatoka asubuhi na kurudi magharibi. Ziara nyingi zimekufa kwa sababu mwenyeji alipika chakula cha mchana na ikaonekana ukosefu wa adabu kuondoka.

Bara: chuo kikubwa kimoja kwa siku

Wengi hutaka kumaliza Dar es Salaam yote kwa safari ya siku moja, kwenda na boti ya asubuhi na kurudi ya jioni. Inawezekana kwa vyuo vya katikati ya mji tu. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kiko Mtaa wa Shaaban Robert, mwendo wa miguu kutoka bandarini. DIT ya teknolojia na CBE ya biashara ziko barabara ya Bibi Titi Mohamed, na Muhimbili iko Upanga. Chagueni viwili kati ya hivyo, muwe mmerudi bandarini saa moja kabla ya boti.

Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inataka siku yake peke yake. Kutoka bandarini pandeni mwendokasi mpaka Ubungo, kisha gari za Mwenge zinazopita barabara ya Sam Nujoma. Chuo hicho, kilichoanza 1961, kimejengwa juu ya vilima kweli, jina si la bure. Vaeni viatu vya kutembelea. Kutoka ukumbi mmoja mpaka mwingine mnaweza kupanda na kushuka dakika kumi na tano, na hilo nalo ni la kupima kwa kijana mwenye pumu au tatizo la mguu. Chuo Kikuu Ardhi kiko jirani, kwa hivyo mtaka ramani, ujenzi au mipango miji amalizie huko alasiri. Kuhusu malazi, hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017 ni majengo 20 yenye nafasi 3,840. Ni nyingi mpaka utakapolinganisha na idadi ya wanafunzi wa chuo. Swali la kuuliza ni: mwaka huu wangapi wa mwaka wa kwanza waliomba chumba wakakosa, na waliokosa wanakaa wapi?

Morogoro na Dodoma zimekuwa karibu tangu treni ya umeme ianze 2024. Stesheni ya Dar es Salaam haiko mbali na bandari. Morogoro ni chini ya saa mbili. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 mpaka Morogoro na 31,000 mpaka Dodoma, lakini angalieni bei ya siku hiyo kwenye mfumo wao. Morogoro mna Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, kwa kilimo, misitu na mifugo, na Chuo Kikuu cha Waislamu mjini. Mzumbe kiko nje ya mji kwenye njia ya Iringa, na nauli ya huko ihesabiwe mbali. Dodoma, chuo kikuu cha huko, UDOM, kimeenea ndaki kwa ndaki, yaani koleji kwa koleji, juu ya vilima, na kutoka moja hadi nyingine ni safari ya gari. Ulizeni ndaki kwa jina lake kabla hamjamwambia dereva chochote.

Vitambulisho ndivyo vinavyowakwamisha Wazanzibari wengi bandarini. Aliyefika miaka 18 awe na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi au cha NIDA. Ambaye hajafika achukue cheti cha kuzaliwa, nakala na asili yake, pamoja na kitambulisho cha skuli. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye kitambulisho herufi kwa herufi. Ali Juma Ali na Ali Juma Khamis kwa mkaguzi ni watu wawili, hata kama wewe unajua ni mwanao.

Kuomba miadi

Vyuo vyetu vingi havina mtu anayekaa kusubiri wageni na kuwatembeza. Ukitokea tu utaelekezwa ofisi ya udahili, utapewa kipeperushi, na ziara itaishia hapo. Andikeni wiki mbili kabla, kwa barua pepe iliyo kwenye tovuti ya chuo, kisha mpige simu siku tatu kabla. Ujumbe uwe mfupi na useme mnataka kuona nini:

"Assalaam alaykum. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha sita, kombinesheni ya PCB, kutoka Wete. Tunaomba kufika chuoni siku ya Jumatano asubuhi kuona maabara ya mwaka wa kwanza na dakhalia ya wasichana, na kuzungumza na mwalimu mmoja wa idara kwa dakika 20. Tutakuwa watu wawili. Tunaomba jina la mtu wa kumwona na namba ya ofisi."

Jina la mtu ndilo muhimu. Ukiwa nalo, mlinzi wa geti anapiga simu. Usipokuwa nalo anakupa daftari la wageni ujaze, na unakaa.

Sambamba na hilo, mtafuteni mwanafunzi aliyetoka skuli ile ile ya kijana na sasa yuko pale. Mwalimu wa taaluma wa skuli kwa kawaida anawajua. Huyu atawaonyesha yale ambayo ofisi haiyaonyeshi, na hatalipwa chochote zaidi ya chakula cha mchana. Akiwa amesoma kozi nyingine si neno, maji ya dakhalia ni yale yale.

Siku yenyewe

Usiku wa kuamkia ziara kubalianeni jambo moja: nani anauliza nini. Mzee anauliza ada, usalama na malazi. Masomo anauliza kijana mwenyewe. Bila makubaliano haya, mambo huenda hivi: mwalimu anamuuliza kijana kwa nini anataka uhasibu, baba anajibu, kijana anatazama viatu. Mwalimu akimaliza kuzungumza na baba dakika ishirini, ziara imemfaidisha baba, ambaye hatasoma uhasibu.

Kijana aandike maswali yake matano, si kumi. Yanayofaa ni yale yenye jibu la namba au la jina. "Masomo yakoje hapa?" hujibiwa "mazuri". Ulizeni badala yake: darasa la mwaka wa kwanza lina wanafunzi wangapi? Darubini moja wanatumia wangapi? Mafunzo kwa vitendo wanapelekwa wapi, na chuo ndicho kinachotafuta nafasi au mwanafunzi mwenyewe? Waliofeli somo mwaka wa kwanza wanafanya nini? Bodi ya taaluma inawatambua wahitimu wake? Kwa udaktari ulizeni wodi gani wanafundishiwa na kuanzia mwaka wa ngapi, kwani miaka ni 5 na baada yake kuna mwaka mmoja wa mafunzo kazini kabla ya kusajiliwa.

Ombeni kijana aingie kipindi kimoja akae nyuma. Si kila mwalimu atakubali, lakini wengi hukubali wakiombwa kwa adabu kabla ya kipindi. Humo atajua jambo ambalo hakuna kipeperushi kinacholisema: kama anaifuata lugha. Kijana aliyezoea mwalimu wa skuli anayefafanua kwa Kiswahili atashtuka mhadhara unapokwenda kwa Kiingereza saa mbili mfululizo. Akishtuka Disemba ana miezi ya kujifua. Akishtuka Novemba ya mwaka wa kwanza, majaribio yameshaanza.

Someni mbao za matangazo. Hazijui kudanganya, kwani hazikuandikiwa wageni. Mtakuta ratiba iliyofutwa mara tatu, orodha ya waliozuiwa kufanya mtihani kwa ada, tangazo la chumba cha kukodi na bei yake, vikundi vya darsa, mechi za mpira. Piga picha bei za vyumba. Zikiwa tano au sita, tayari mna wastani wa kodi ya eneo lile bila kumuuliza dalali.

Dakhalia ndipo pa kukaa zaidi. Kama mtoto ni wa kike na aliyemsindikiza ni baba, aende na mama, shangazi au mwanafunzi wa kike, kwa sababu baba hatoruhusiwa kupita mapokezi, na ni vizuri asiruhusiwe. Ndani aangalie:

- vitanda vingapi kwa chumba, na kabati ina kufuli au ni komeo tu;
- bomba: alifungue, asiulize; kisha aulize maji yalikatika mara ya mwisho lini, na akiba iko wapi;
- vyoo vingapi kwa korido, na nani anayevisafisha Jumapili;
- soketi ngapi zinazofanya kazi, na umeme ukizimika taa ya ngazi inabaki?
- geti linafungwa saa ngapi, na aliyechelewa maktaba anaingiaje;
- mahali pa kusalia wanawake, na umbali wake usiku;
- kupika kunaruhusiwa au jiko likikutwa linachukuliwa.

Kisha tembeeni kwa miguu kutoka dakhalia mpaka darasani, kijana akitaja muda, na mzee akiangalia taa za njiani. Kama mnaweza, rudini tena magharibi. Njia ambayo mchana ina watu mia inaweza kuwa na watu watatu baada ya isha.

Kuleni kantini ya wanafunzi, si mkahawa wa wageni. Sahani moja ya wali na maharage ina bei gani? Zidisheni kwa mbili, kisha kwa 30, muongeze chai ya asubuhi. Hapo ndipo mzee anapopata hesabu ya posho ya mwezi, na mara nyingi inazidi aliyoipanga nyumbani. Kijana asiyezoea kujipikia ahesabiwe kamili. Wazee hujipunja kwa kudhani mtoto "atajitegemea tu".

Maktaba inatosha dakika kumi: inafungwa saa ngapi, intaneti inashika, viti vya soketi vimejaa au vitupu. Kama saa tano asubuhi maktaba ni tupu na nje chini ya miembe pamejaa watu na kompyuta zao, ulizeni kwa nini.

Mavazi yawe ya staha pande zote, na sare ya skuli ibaki nyumbani. Msipige picha za watu bila idhini, na bandarini simu ibaki mfukoni.

Fedha na karatasi

Ofisi ya fedha waombeni muundo wa ada kwa maandishi, wa programu ile hasa. Ada ya masomo ni mstari mmoja tu. Chini yake kuna usajili, mitihani, kitambulisho, bima ya afya, mchango wa serikali ya wanafunzi, na kwa afya na sayansi kuna vifaa na mafunzo ya vitendo. Ulizeni inalipwa kwa awamu ngapi na ni kiasi gani lazima kiwe kimelipwa kabla ya mtihani wa muhula wa kwanza. Hapo ndipo watu wanapokwama. Siku ya kuripoti wengi huwa wamejipanga, Februari hawana kitu. Ada isipewe mtu mkononi, hata akiwa na kitambulisho cha chuo shingoni. Chuo hutoa namba ya malipo na unalipa benki au kwa simu.

Mkopo usiachwe mpaka matokeo. Kuna Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar na kuna bodi ya mikopo ya Muungano, HESLB, na kila moja ina masharti na vipaumbele vyake vya kozi. Pitieni ofisi ya Zanzibar kabla ya ziara muulize kijana wenu anaangukia wapi kwa chuo cha hapa na kwa chuo cha Bara. Jibu hilo linaweza kufuta chuo kimoja kwenye orodha na kuokoa nauli. Cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya HESLB kinatakiwa kihakikiwe. Aliyezaliwa Zanzibar huhakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, si RITA, wakala wa usajili wa Bara. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho yakitofautiana, anzeni kurekebisha sasa. Kazi hiyo huchukua muda na hakuna dirisha linalokusubiri.

Kama fedha hazitoshi kwenda Bara, TCU huandaa maonesho ya vyuo vikuu Dar es Salaam kila mwaka karibu na Julai, viwanja vya Mnazi Mmoja, na vyuo vingi huwa na mabanda Sabasaba pia. Siku moja unazungumza na maofisa udahili kumi. Hutaona dakhalia wala bomba, lakini maswali ya sifa na ada yote yatajibiwa, na yaliyobaki atayajibu yule mwanafunzi mwenyeji kwa simu, akikupigia video akiwa chumbani kwake.

Usiku ule ule

Vyuo huchanganyika kichwani haraka. Ukifika cha tatu, maabara ya cha kwanza imehamia cha pili. Kwa hivyo jioni ya kila ziara, kabla ya kulala, kijana na mzee kila mmoja aandike ukurasa wake bila kutazama wa mwenzake: mambo matatu yaliyompendeza, mawili yaliyomtia shaka, na gharama ya mwezi aliyoihesabu. Kisha kijana asome kwanza. Mzee akianza yeye, ukurasa wa kijana utabadilika papo hapo, kwa heshima.

Mkikhitilafiana, tazameni kwanza kama mnabishana juu ya chuo au juu ya umbali. Mama anayesema "maabara ni mbovu" huenda anasema mtoto asivuke bahari, na kijana anayesema "kozi ni nzuri" huenda anasema anataka kutoka nyumbani. Yote mawili ni maneno ya haki, ila yasemwe kwa majina yake, kwa sababu maabara inaweza kukaguliwa tena na bahari haisogei.

Kurasa hizo zitunzwe ndani ya bahasha moja na vyeti. Matokeo yakitoka, orodha ipangwe kutoka humo siku ile ile. Maombi hutumwa moja kwa moja kwa kila chuo, aghalabu kwa ada ya shilingi 10,000, kwa hivyo kila chuo mlichokifuta kwa ziara ni fedha iliyobaki mfukoni. Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha hutumwa kwenye simu aliyoiandika kwenye maombi, na anathibitisha kimoja tu ndani ya muda uliotajwa. Namba hiyo ya simu iwe ya laini inayokaa hewani, iliyosajiliwa kwa jina la mtu wa nyumbani, isiwe ile anayobadilisha kila akipata bando la bei rahisi.